DARASA LA WAMAMA: Wagonjwa wa kansere ni wangapi, na kati ya watu wangapi?



Katika mikutano ya vikundi vyetu kuna maneno mawili yanayorudi kila tunapotaja kansere, au saratani kama redio zinavyoiita. Mama mmoja anasema: «Kansere ya titi ni ugonjwa wa Wazungu. Kwetu inashika wachache.» Mwingine anajibu: «Hapana, siku hizi imejaa kila avenue, zamani haikuwako.» Kila mmoja anasema kwa uhakika, na kila mmoja ametegemea hesabu aliyoisikia mahali, bila kuuliza ilifanywa namna gani.

Sisi tunaofundisha hesabu hatuwezi kunyamaza hapo, kwa sababu maneno hayo yanaleta madhara. Mama anayeamini kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu, siku atakapogusa uvimbe kwenye titi lake atasema ni maziwa yaliyoganda, na atangoja. Atangoja mavuno, atangoja zamu yake ya likelemba, atangoja mpaka uvimbe ugeuke kidonda. Kwa hiyo juma hili tunafungua daftari la hesabu. Msiogope. Mwenye kujua kugawa faida ya gunia la mihogo kati ya watu wanne atafuata bila shida.

Swali la kwanza: kati ya wangapi?

Tuanze shuleni. Darasa moja la sita lina watoto 60, na 9 wameshindwa mtihani. Darasa la pili lina watoto 20, na 5 wameshindwa. Ukitazama 9 na 5 peke yake, utasema mwalimu wa darasa la kwanza ni mbaya. Lakini 9 kati ya 60 ni watoto 15 kwa kila 100, na 5 kati ya 20 ni watoto 25 kwa kila 100. Darasa la pili ndilo lenye matatizo.

Kansere inahesabiwa vivyo hivyo. Ukisikia kwamba mji mkubwa una wagonjwa wengi kuliko kijiji, hujajifunza kitu bado, maana mji mkubwa una watu wengi. Lazima ugawe wagonjwa kwa idadi ya watu. Kwa kuwa kansere si kama malaria inayoingia kila nyumba, kuhesabu kwa kila 100 kungetupa namba ndogo mno. Ndiyo maana wataalamu wanahesabu kwa kila watu 100,000 kwa mwaka mmoja. Wakisema «30 kwa kila 100,000», maana yake ni kwamba katika wanawake 100,000, wanawake 30 wamegunduliwa na ugonjwa huo ndani ya mwaka huo.

Angalieni neno «wamegunduliwa ndani ya mwaka huo». Hesabu hiyo ni ya wagonjwa wapya tu. Ni kama likelemba: wanachama walioingia mwaka huu ni hesabu moja, na wanachama wote waliomo ni hesabu nyingine. Nchi ambayo wagonjwa wanatibiwa na kuishi miaka mingi itakuwa na watu wengi wenye kansere kwa sababu hawafi haraka. Nchi ambayo wanakufa upesi itaonekana kuwa nao wachache. Kwa hiyo ukisikia namba, uliza kwanza kama ni ya walioupata mwaka huu, ya wote wanaoishi nao, au ya waliokufa. Hizo ni hesabu tatu, na hazichanganywi.

Swali la pili: watu wa umri gani?

Hapa ndipo wengi wanapotea, hata waandishi wa magazeti. Kansere nyingi ni ugonjwa wa umri: zinaongezeka kadiri miaka inavyoongezeka. Sasa angalia watu wetu. Hapa Kongo, zaidi ya nusu ya watu hawajafika miaka 18. Kule Japani, zaidi ya nusu ya watu wamepita miaka 45. Ukilinganisha nchi hizo mbili bila kutazama umri, unalinganisha uwanja wa shule ya msingi na kikao cha wazee, kisha unashangaa kwamba wazee ndio wenye mvi.

Tufanye zoezi ubaoni. Tumetunga miji miwili, Mlimani na Ziwani. Kila mmoja una wanawake 10,000.

Mlimani ni mji wa vijana. Wanawake 9,000 hawajafika miaka 40, na kati ya kila 1,000 wao, wawili wanapata kansere kwa mwaka. Hao ni wagonjwa 18. Wanawake 1,000 wana miaka 40 au zaidi, na kati yao 10 wanapata kansere. Jumla ni wagonjwa 28.

Ziwani ni mji wa watu wazima. Wanawake 4,000 hawajafika miaka 40, na kati ya kila 1,000 wao ni mmoja tu anayepata kansere. Hao ni 4. Wanawake 6,000 wana miaka 40 au zaidi, na kati ya kila 1,000 wao, watano wanaupata. Hao ni 30. Jumla ni wagonjwa 34.

Redio itatangaza: «Ziwani wagonjwa 34, Mlimani 28. Ziwani kuna hatari zaidi!» Lakini rudi nyuma utazame. Kwa wasichana, Mlimani wanapata wawili pale ambapo Ziwani anapata mmoja. Kwa wamama wakubwa, Mlimani wanapata 10 pale ambapo Ziwani wanapata watano. Katika kila umri, mwanamke wa Mlimani ana hatari mara mbili. Wingi wa vijana ndio uliomficha.

Wataalamu wanatoka vipi katika mtego huo? Wanachukua mji wa tatu wa mfano, mmoja kwa wote, na kuuliza: kama kila mji ungekuwa na umri kama wa mji huu, wangeugua wangapi? Tuseme mji wetu wa mfano una wanawake 7,000 wasiofika miaka 40 na 3,000 waliofika. Kwa hatari ya Mlimani, tunapata 14 na 30, jumla 44. Kwa hatari ya Ziwani, tunapata 7 na 15, jumla 22. Sasa ukweli umetoka nje: 44 ni mara mbili ya 22.

Duniani wanao mji wa mfano wa kweli. Mjapani Mitsuo Segi aliupendekeza mwaka 1960, na Mwingereza Richard Doll pamoja na wenzake wakaurekebisha mwaka 1966. Kati ya watu 100 wa mfano huo, 31 ni watoto wasiofika miaka 15, na 7 tu wana miaka 65 au zaidi. Mpaka leo, shirika la utafiti wa kansere la Umoja wa Mataifa lililoko Lyon, Ufaransa, linautumia kulinganisha nchi na nchi. Mkiona katika ripoti maneno «kiwango kilichosawazishwa kwa umri», ni zoezi hilihili la Mlimani na Ziwani.

Swali la tatu: nani ameandika?

Hesabu ya kugawa inahitaji namba mbili: wagonjwa juu, watu wote chini. Kwetu namba zote mbili zina mashimo.

Tuanze na ya chini. Sensa ya mwisho ya watu wote wa Kongo ilifanywa mwaka 1984. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tulikuwa hatujazaliwa. Tangu hapo vita vimehamisha watu, miji imepanuka, na idadi zinazotajwa ni za kukadiria.

Namba ya juu nayo haijakamilika. Ili kujua wagonjwa wapya, lazima kuwe na daftari la kansere: ofisi inayokusanya kila mgonjwa kutoka kila hospitali na kila maabara ya eneo moja linalojulikana, na kuhakikisha mtu mmoja haandikwi mara mbili. Jirani zetu wa Uganda walianza daftari kama hilo Kampala mwaka 1954, na linafuata wakaaji wa Kyadondo, eneo lenye mji mkuu huo. Kwa sababu ya daftari hilo, wanaweza kusema kansere gani imepanda na gani imeshuka kwa miaka mingi. Nchi isiyo na daftari la namna hiyo inakadiriwa kwa kutazama majirani zake.

Sasa fikirini mama anayefia nyumbani. Alianza kwa mganga wa miti, akaenda kwenye chumba cha maombi, akafika kituo cha afya mara moja akapewa vidonge vya maumivu, kisha akarudi kulala. Hakuna aliyekata kipande cha uvimbe kupeleka maabara. Siku ya matanga watu wakasema «alirogwa» au «ni tumbo». Mama huyo hayumo katika hesabu yoyote. Wamama kama yeye wakiwa wengi, namba ya nchi inakuwa ndogo, na mtu wa mbali ataisoma na kusema: «Kule kansere ni chache.»

Kinyume chake kipo pia. Mahali panapoanza kutafuta ugonjwa, namba inapanda ghafula ijapokuwa ugonjwa wenyewe haujaongezeka. Korea ya Kusini ilianza mwaka 1999 mpango wa kupima kansere, na hospitali zikaongeza kipimo cha tezi ya shingo kwa ada ndogo. Kufika mwaka 2011, kansere ya tezi iliyogunduliwa ilikuwa mara 15 ya ile ya mwaka 1993. Lakini waliokufa kwa kansere hiyo hawakuongezeka. Mashine zilikuwa zimeona uvimbe mdogo ambao watu wengi wangeishi nao bila kujua mpaka uzee.

Kwa hiyo mama anayesema «siku hizi imejaa» anaweza kuwa na haki nusu. Tunaishi miaka zaidi kuliko bibi zetu, tunazaa tofauti na wao, na hiyo inaongeza kansere kadhaa. Lakini pia leo ugonjwa una jina, na hospitali zinaugundua. Zamani ulikuwapo ukiitwa kwa majina mengine.

Wanaougua na wanaokufa

Tufike sasa kwenye lile neno la «ugonjwa wa Wazungu». Shirika la Afya Duniani na wataalamu wa Lyon walitoa hesabu za mwaka 2022. Wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa na kansere ya titi mwaka huo, na 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wakatenganisha nchi zenye maendeleo makubwa sana na nchi zenye maendeleo madogo. Kongo iko katika kundi hili la pili.

Katika nchi za maendeleo makubwa, mwanamke 1 kati ya 12 atagunduliwa na kansere ya titi katika maisha yake. Katika nchi kama zetu ni 1 kati ya 27. Ukiishia hapo, yule mama wa kwanza ameshinda: kwao ni wengi kuliko kwetu, zaidi ya mara mbili.

Lakini geuza ukurasa usome waliokufa. Kwao, mwanamke 1 kati ya 71 atakufa kwa kansere ya titi. Kwetu, 1 kati ya 48. Wanaougua ni wachache, na wanaokufa ni wengi zaidi!

Chukueni kalamu mfanye hesabu ndogo ya kukadiria. Kwao, 12 kugawa kwa 71: katika kila wanawake 6 wanaopata ugonjwa, mmoja hivi anakufa nao. Kwetu, 27 kugawa kwa 48: katika kila wanawake 100 wanaougua, 56 hivi wanakufa. Ugonjwa ni uleule na titi ni lilelile. Tofauti ni kwamba mwenzetu wa kule anafika uvimbe ukiwa mdogo kama punje ya haragi, na dawa ziko. Mwanamke wa kwetu anafika umekwisha kusambaa, na hata akifika, mara nyingi dawa ni za bei kubwa au ziko mbali.

Ndiyo sababu tunasema kwamba namba ndogo haimkingi mtu. Usiseme «kwetu ni wachache» kama unajifariji. Sema «kwetu wanaoupata wanakufa», halafu uamke ukapimwe.

Kansere ya shingo ya kizazi

Hii ya pili inatugusa zaidi, kwa sababu hapa hata ukisawazisha umri, Afrika inabaki juu. Mwaka 2022 wanawake wapya 660,000 hivi waliipata duniani, na karibu 350,000 walikufa. Makadirio ya mwaka huo yaliweka nchi ya Eswatini, kusini mwa Afrika, kwenye wanawake karibu 96 kwa kila 100,000, na ndiyo nchi ya juu kabisa. Kule virusi vya ukimwi vimeenea sana, na mwanamke mwenye virusi hivyo ana hatari mara sita ya kupata kansere hii.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwa kila nchi: kushuka chini ya wanawake wapya 4 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Njia yake ni namba tatu za kufikia mwaka 2030. Wasichana 90 kati ya 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15. Wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa kwa kipimo kizuri wakifika miaka 35, na tena wakifika 45. Na kati ya 100 wanaokutwa na ugonjwa, 90 wapate matunzo.

Lengo hilo linawezekana kwa sababu kansere hii inatanguliwa na alama kwenye shingo ya kizazi, na alama hizo zinakaa miaka mingi kabla hazijawa kansere. Katika vituo vingi munganga anapaka maji ya siki, yaani vinegri, na sehemu mbaya inageuka nyeupe. Kipimo ni cha dakika chache. Alama zikionekana mapema, zinaondolewa na mwanamke anarudi nyumbani kwa watoto wake.

Zoezi la nyumbani

Tangu leo, mkisikia namba ya kansere kwenye redio, kanisani au sokoni, iulizeni maswali manne. Ni wangapi kati ya wangapi? Ni watu wa umri gani? Nani ameandika, na nani hakuandikwa? Je, ni hesabu ya walioupata au ya waliokufa? Anayetangaza akikosa jibu, msimtukane, lakini msiichukue namba yake mkaenda nayo nyumbani.

Kisha kila kikundi kifanye hesabu yake. Mwandishi wa kikundi achore mistari mitatu kwenye daftari: wanachama wasiofika miaka 30, wenye miaka 30 hadi 49, na wenye 50 au zaidi. Kwa kila mstari aandike wako wangapi, na wangapi wamewahi kupimwa shingo ya kizazi. Msiandike majina, na msimuulize mtu mbele ya wengine alikutwa na nini. Kila mama atie punje ya mahindi kwa waliopimwa au ya haragi kwa wasiopimwa, ndani ya kopo la mstari wake. Zinahesabiwa punje, na siri inabaki ya mwenyewe.

Mkikuta katika mstari wa katikati wanawake 20, na waliopimwa ni 2, basi mko 10 kwa kila 100, na lengo ni 70. Mnajua sasa mmebakiza watu 12 wa kupeleka. Kikundi kinachojua kwamba kinatafuta 12 kinaweza kwenda kwenye kituo cha afya kuuliza siku ya kipimo, na kinaweza kutoa kwenye sanduku la msaada nauli ya wale wasio nayo. Na anayegusa uvimbe, anayeona chuchu ikitoa damu au ngozi ya titi ikivutwa ndani, anayetoka damu baada ya kukutana na mume wake au baada ya kuacha kuona mwezi, asingoje siku ya kikundi. Aende juma hili, na mwenzake mmoja amsindikize.

Akifika kwa munganga aombe jambo moja zaidi: ugonjwa wake uandikwe kwa jina lake la kweli, pamoja na umri na mahali anapokaa. Mwanamke aliyeandikwa vizuri anasaidia wengine, kwa sababu serikali na wafadhili wanapeleka mashine na dawa kule ambako namba zinaonyesha wagonjwa.

Leteni punje zenu juma lijalo. Tutazijumlisha pamoja ubaoni, kikundi kwa kikundi, na tutasawazisha umri kama tulivyofanya kwa Mlimani na Ziwani, ili kikundi cha wasichana kisijisifu bure mbele ya kikundi cha wabibi.

Mbaki na amani.